Zunzuncito wa Cuba au koketi wa Trinidad: kwa safari moja tu, ukamwone yupi?

Mpwa wangu anaishi Toronto na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto huyo amependa ndege wavumaji kiasi kwamba daftari lake la shule limejaa michoro yao. Mwezi uliopita mama yake alinipigia: "Shikamoo mjomba. Tumejinyima mwaka mzima, tuna akiba ya safari moja ya Karibi. Tumpeleke mjukuu wako Cuba akamwone yule mdogo kuliko wote duniani, au Trinidad kwa yule mwenye kishungi?"

Nilimjibu kwenye simu, lakini jibu lile lilikuwa fupi mno kwa swali kama hilo. Nimeongoza watazamaji wa ndege Usambara kwa miaka mingi, na nimebahatika kufika Trinidad mara mbili na Cuba mara moja. Kwa hiyo naandika hapa kwa ajili yake na kwa yeyote mwingine anayepima safari ya aina hii, hasa ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Ulaya ambao Karibi kwao si mbali sana.

Kwanza tuondoe mkanganyiko ambao nimekutana nao kuanzia Tanga hadi Mombasa. Ndege mvumaji, ambaye wengine humwita kolibri, hayupo Afrika. Aina zake, zaidi ya 300, zote zinaishi mabara ya Amerika na visiwa vyake. Yule mdogo anayemetameta kwenye maua ya bustani zetu ni chozi. Wote wawili hunywa mbochi, wote wana rangi za kung'aa, lakini hawana undugu wa karibu. Mtazame chozi anavyokula: mara nyingi hushika tawi kwa miguu, kisha huinama na mdomo wake uliopinda. Mvumaji husimama hewani mbele ya ua, mabawa yakizunguka begani kwa namna inayomwinua yanaposhuka na yanapopanda, na anaweza hata kurudi kinyumenyume. Ukiona kitu kimesimama hewani hivyo jioni kwenye bustani yako ya Dar es Salaam, kikiwa na ulimi mrefu, huyo ni nondo. Nimewahi kumwona mzee mmoja akibisha kwa nusu saa kuhusu nondo huyo, na sikumlaumu, kwa sababu kufanana kwenyewe kunashangaza.

Sasa tuwatazame wawili wetu.

Zunzuncito, Mellisuga helenae, anapatikana Cuba peke yake. Dume ana urefu wa kama sentimita 5.5, na humo umehesabu mdomo na mkia. Uzito wake haufiki gramu 2. Jike ni mkubwa kidogo, sentimita 6 na gramu 2.6 hivi. Ukitaka kujua gramu 2 ni nini, weka punje sita au saba za mahindi makavu kiganjani. Huyo ndiye ndege mzima, na moyo wake, na mifupa yake, na sauti yake. Hata chozi mdogo kabisa wa Afrika Mashariki humzidi uzito zaidi ya mara mbili.

Koketi wa Trinidad, Lophornis ornatus, ana urefu wa kama sentimita 6.6 na gramu 2.3. Anapatikana pia mashariki mwa Venezuela, Guyana na nchi jirani zake, hadi kaskazini mwa Brazili. Jina lake limetoka kwa Wafaransa, ambao humwita hivyo mwanamke anayejipamba ili atazamwe. Kwa ndege hawa mapambo ni ya dume.

Watu wengi huchagua Cuba kwa sababu ya neno moja: mdogo kuliko wote. Nawaelewa. Lakini jicho lako halina rula. Ndege akiwa mita nne mbele yako, katikati ya majani, tofauti ya sentimita moja na nusu gramu huioni kabisa. Nilipomwona zunzuncito sikusema "huyu ni mdogo kuliko koketi." Wote wawili walinifanya nishike pumzi. Kinachoonekana hasa ni rangi, namna anavyokaa, na mahali anapoishi, na hapo ndipo wanapotofautiana kwa mbali.

Rangi inayowaka na rangi isiyozimika

Dume wa zunzuncito mgongoni ni samawati, tumboni ni mweupe wa kijivujivu, na wakati wa kuzaliana kichwa chote na koo hugeuka wekundu wa moto wenye uwaridi ndani yake. Pembeni mwa koo manyoya hurefuka na kuchomoza kama ndevu zilizochanwa kuelekea nyuma. Wekundu huo hautokani na rangi iliyomo kwenye unyoya wenyewe. Unatokana na tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya zinazorudisha mwanga wa jua kwa pembe fulani tu.

Nilijifunza hilo nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mbao nyuma ya nyumba moja Palpite, kijiji kilicho njiani kuelekea Playa Larga. Dume alikuwa ametua kwenye kijiti kikavu, hatua nne kutoka nilipo. Kwa dakika nzima niliona kichwa cheusi. Cheusi tu, kama kimechovywa masizi. Nikaanza kufikiri kwamba si yeye. Kisha akageuza shingo kidogo kunielekea, jua likampiga, na kichwa chote kikawaka mara moja kama kaa la moto lililopulizwa. Akageuka tena, kikazimika. Mwenyeji wetu alicheka kwa furaha, akaniambia kwa Kihispania kitu nilichoelewa bila mkalimani.

Lakini sikiliza: wekundu huo ni vazi la msimu. Huzaliana kati ya Machi na Juni. Baada ya hapo dume hunyonyoka na kuota manyoya mengine, na wekundu wa kichwa huondoka, akafanana sana na jike. Mtu akienda Oktoba atamwona ndege mdogo kuliko wote duniani, ndiyo, lakini atamkuta bila taji. Jike naye ana uzuri wake wa kimya: kijani cha kusamawatika juu, weupe chini, na ncha nyeupe kwenye mkia.

Koketi amepambwa kwa namna nyingine. Kichwani ana kishungi cha rangi ya hina iliyokolea, na pembeni mwa shingo ana mashada ya manyoya marefu ya rangi hiyohiyo, kila unyoya una kidoto cha kijani mwishoni. Akiyatandaza mashada hayo, huwa kama amevaa feni mbili. Mdomo ni mfupi, ulionyooka, mwekundu wenye ncha nyeusi. Mwili ni kijani cha shaba, na juu kidogo ya mkia kuna mkanda mweupe. Rangi ya hina ya kishungi ni rangi halisi iliyomo kwenye unyoya, wala si mchezo wa mwanga. Kwa hiyo mawingu yakitanda, koketi bado amevaa. Kwa mtoto wa miaka tisa ambaye subira yake ni ya dakika ishirini, hilo si jambo dogo.

Jike wa koketi hana kishungi wala mashada. Juu ni kijani, chini ni wa rangi ya hina, na ule mkanda mweupe anao. Ukariri mkanda huo, kwa sababu ndiyo alama itakayokusaidia kuliko zote.

Wanapoishi

Hapa ndipo ningependa mtu atumie muda mwingi kabla ya kulipa tiketi, kwa sababu anayechagua ndege huwa amechagua na makazi yake.

Zunzuncito ni ndege wa msitu. Huyapenda maeneo yenye miti ya zamani, vichaka vizito, mimea inayotambaa, na mimea inayoota juu ya matawi ya miti mingine. Utamkuta pia kwenye kingo za msitu, kwenye uoto wa pwani, na kwenye mabustani yaliyo jirani na msitu. Zamani alikuwa ameenea Cuba na hadi kile kisiwa cha kusini kiitwacho leo Isla de la Juventud. Misitu ikafyekwa kwa ajili ya miwa, tumbaku, kahawa na malisho ya ng'ombe, naye akabaki vipande vipande: rasi ya Guanahacabibes upande wa magharibi, milima ya mashariki kwenye hifadhi ya Alejandro de Humboldt, na kinamasi cha Zapata. Amewekwa kwenye kundi la ndege walio karibu kuwa hatarini.

Zapata ndipo wageni wengi humfuata, nami nilikwenda huko. Ni kinamasi kikubwa kuliko vyote vya Karibi, kusini-mashariki mwa Havana, kama saa tatu kwa gari. Kuna mikoko, kuna nyasi za maji zisizo na mwisho, kuna misitu inayosimama juu ya mawe ya chokaa. Mbu wapo. Kwa mtu aliyezoea Rufiji hatashangaa, lakini mtoto aliyekulia Toronto avalishwe mikono mirefu.

Jambo moja la Palpite limenikaa moyoni. Ndege huyu adimu humtazami katikati ya pori tu. Baadhi ya wenye nyumba wameacha ua wao wa nyuma uwe kichaka, wakapanda hamelia, kile kichaka chenye maua ya mirija mirefu ya rangi ya chungwa na nyekundu, na zunzuncito huja mwenyewe kutoka msituni. Mgeni hukaa, hutoa kiasi kidogo cha ahsante, na huondoka amemwona. Fedha ile inabaki kwa mtu anayelinda kichaka. Nadhani hakuna mpango mzuri kuliko huo, na ndiyo sababu kubwa ya kwangu mimi kumshauri mtu aende Cuba.

Tahadhari moja. Cuba ina mvumaji mwingine wa kawaida, zunzún, mwenye kijani kinachong'aa na mkia wenye panda, na urefu wa kama sentimita 10. Yuko hadi kwenye bustani za Havana. Wageni wengi humwona huyo siku ya kwanza, wanapiga picha, wanawatumia ndugu zao na kuandika "nimemwona." Jina zunzuncito maana yake ni zunzún mdogo. Ukimwona mwenye mkia wa panda, bado hujafika.

Koketi ana maisha tofauti kabisa. Yeye hakung'ang'ania msitu. Anapenda kingo zake, mashamba ya zamani, bustani, na sehemu za wazi zenye maua. Trinidad ina safu ya milima upande wa kaskazini, na kwenye bonde la Arima kuna kituo cha Asa Wright, kilichoanzishwa mwaka 1967 kwenye shamba la zamani la kahawa na kakao. Maeneo ya namna hiyo, ambapo kakao imepandwa chini ya miti mirefu na bustani imeachwa ichanue, ndiyo nyumbani kwake. Hayumo kwenye orodha za ndege walio hatarini, na ukataji wa miti haujamuumiza kama ulivyomuumiza mwenzake wa Cuba.

Ua lake kubwa ni verveni, mmea mwembamba wenye fimbo ndefu iliyojaa maua madogo ya zambarau. Usiudharau mmea huo kwa kuuona kama gugu. Jamii ya mmea huo imeshavuka bahari na kufika hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki, na ukitembea Amani, kule Usambara, utaukuta kando ya njia.

Asubuhi yangu ya kwanza bonde la Maracas nilikaa mbele ya ukingo wa verveni kuanzia saa moja. Wavumaji wakubwa walikuwa wakipigana. Kila mmoja ana kipande chake cha maua, na akiingia mgeni hufukuzwa kwa kasi ambayo jicho halifuati. Nikawa natazama vita hivyo. Kumbe chini, karibu na goti langu, kulikuwa na kitu kikizunguka polepole kutoka ua hadi ua, nacho nilikuwa nimekipuuza kwa robo saa nzima nikidhani ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za mapaa. Nyuki hana mkanda mweupe kiunoni. Nilipouona mkanda nikainamisha kichwa taratibu, na hapo nikaona kishungi.

Hiyo ndiyo mbinu ya koketi. Hana nguvu ya kupigana, kwa hiyo hana eneo la kulinda. Huzunguka njia yake ya maua, huingia kwenye maeneo ya wakubwa kwa mwendo wa nyuki, nao mara nyingi hawamjali. Wakimgundua humfukuza, naye huondoka bila ugomvi na baada ya dakika kadhaa yuko tena. Ukikaa kimya mahali pamoja atarudi kwa ratiba unayoweza karibu kuipima kwa saa. Kwa kawaida huwa hapendi vile vibweta vya maji ya sukari wanavyotundikiwa wavumaji wengine. Kaa kwenye maua.

Kwenye kiota wanafanana. Jike peke yake hujenga kikombe kidogo kwa nyuzi za mimea na utando wa buibui, hutaga mayai mawili, na hulea bila msaada wa dume. Yai la zunzuncito ni kama punje ya kahawa. Mkionyeshwa kiota, tazameni kwa darubini mkiwa mbali, na msikubali mwongozaji anayesogeza matawi ili mpige picha.

Mambo ya safari

Trinidad huongea Kiingereza, na mtoto wa Toronto atauliza maswali yake mwenyewe. Cuba ni Kihispania. Cuba umeme hukatika sana miaka hii, basi beba tochi, betri na dawa zako zote, na pesa taslimu, kwa maana kadi za benki za Marekani hazifanyi kazi kule. Ndugu wenye pasipoti za Uingereza au nchi nyingi za Ulaya wajue hili: aliyekanyaga Cuba tangu Januari 2021 hawezi tena kutumia kibali cha haraka cha mtandaoni cha kuingia Marekani, itambidi aombe viza kamili. Kwa mtu mwenye ndugu Minneapolis au Houston, hiyo ni gharama ya kweli. Mnaosafiri na pasipoti za Afrika Mashariki, bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano pande zote mbili, na ulizeni mambo ya viza mapema.

Trinidad nayo, ulizeni hali ya usalama mjini kabla ya kuondoka na laleni huko mabondeni, si Port of Spain. Na jambo linalowaumiza wengi: koketi yuko Trinidad, hayuko Tobago. Watu hununua likizo ya Tobago kwa ajili ya fukwe, wakidhani nchi ni moja na ndege ni wale wale, halafu wanarudi bila kumwona.

Kwa idadi, Trinidad inashinda wazi. Kisiwa kile kidogo kina aina 17 au 18 za wavumaji, na Watrinidad wanajivunia: ndege hawa wapo kwenye nembo ya taifa. Cuba, ukitoa mpita njia, utawaona wawili. Lakini Cuba ina ndege wengine wasiopatikana popote duniani, na Zapata ina baadhi yao, kwa hiyo mtazamaji mzoefu hatachoka.

Nani aende wapi

Mtu mzima ambaye ameshaona ndege wengi, anayeweza kusafiri Aprili au Mei, na anayetaka pesa yake imfikie mtu anayetunza ndege aliye mashakani: aende Cuba. Asikawie, na asiende nje ya msimu kisha akalalamika kwamba hakuona wekundu.

Mwenye mtoto, au anayeona mvumaji kwa mara ya kwanza, au mwenye likizo ya Desemba hadi Machi pekee: Trinidad. Atamwona koketi, na akimkosa asubuhi moja atakuwa na wavumaji wengine kumi wa kumpoza hadi kesho. Kwa Cuba, ukimkosa zunzuncito na mvua ikanyesha siku mbili mfululizo, huna cha kumwambia mtoto.

Nilimwambia mpwa wangu Trinidad. Wanakwenda Februari. Nimemtumia mjukuu maagizo yake kwa sauti kwenye simu: avae nguo zisizong'aa, akae chini karibu na verveni mahali ambapo jua liko mgongoni kwake, asiwatazame wale wanaopigana juu, ahesabu nyuki. Kila nyuki mweusi anayepita amtazame kiunoni. Wa kwanza mwenye mkanda mweupe, asimwite mama yake kwa sauti. Amguse mkono tu.